Ndevu za Papa na Nyavu za Dayton

Laeken, 9 Machi 2025

Onésime mdogo wangu,

"Msimu hausubiri msiba." Ndivyo ulivyoniambia kwenye simu mwezi wa kwanza, Mama akiwa bado hajazikwa, kisha ukakata. Tangu hapo nalitafuna neno hilo, na leo nakujibu. Si kweli. Msimu unasubiri kila kitu. Unasubiri tiketi ziuzwe, unasubiri mwenye timu apate ukumbi, unasubiri hata mtu wa kuuza bia afike. Kisichosubiri ni udongo. Tulimzika Mama Jumamosi, mvua ikitupiga, na Jumamosi hiyohiyo wewe ulikuwa Ohio ukipiga mpira mbele ya makocha ili wakuchague. Walikuchagua. Hongera. Sasa nikusalimu kama watu.

Sisi hatujambo. Ornella binti yangu amefaulu mtihani wa Kiholanzi na sasa anatusahihisha sote, hata paka. Mimi bado nahariri jarida letu la jumuiya na bado nagombana na kila anayestahili. Papa anakula, ila polepole. Ni yeye aliyeamuru tuandikiane. Alisema, "Nyie wawili mukishika simu, ni fujo. Mwandikiane barua. Barua haina bouton ya kukata." Katika hoja zote nilizosikia mwaka huu, hiyo pekee ndiyo imenishinda.

Jambo lenyewe ni ndevu. Unajua desturi ya kwetu: mume aliyefiwa hanyoi mpaka siku ya kuanua matanga, na wembe wa kwanza unashikwa na kitindamimba wa marehemu. Anayetakiwa si mimi, ingawa ndiye niliyemuogesha Mama hadi siku ya mwisho. Ni wewe. Bila mkono wako Papa anabaki msibani: haendi harusini, hasikilizi muziki, hakai kwenye kiti cha Mama dirishani. Ndevu zimemfunika mashavu na kidevu, nyeupe pe. Juzi kwenye tramu mtoto mmoja wa Kibelgiji alimwita Saint-Nicolas, yule mtakatifu wao mwenye ndevu anayegawia watoto zawadi, akamwomba peremende. Papa alicheka kidogo, halafu akageuka akatazama nje mpaka tukashuka.

Unakuja lini? Na huo mpira unaochezwa ndani ya nyumba ni mpira gani?

Dada yako,
Émérance


Dayton, 30 Machi 2025

Yaya Émérance, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Papa na Ornella. Mimi mzima. Naishi na Bienaimé, yule kijana wa Uvira tuliyekuwa naye kambini Burundi. Anafanya kazi kwenye ghala na ndiye anayepika, na kila anachopika kina ladha ya maji. Barua yako aliisoma kwa sauti akiwa amesimama, kama anahubiri, kisha akasema, "Huyu dada yako angefaa kuwa kocha." Anawasalimu.

Umeuliza kuhusu mpira. Ni ule wa Kimarekani wa kofia ngumu na kusukumana, ila umeingizwa ukumbini, kwenye uwanja ambao ni nusu ya ule wa nje. Watu ni wanane kila upande. Pembeni hakuna mstari wa chaki, kuna ukuta uliofungwa sponji, na mtu akisukumwa sana anaangukia mapajani mwa watazamaji. Mpira wenyewe si duara, umechongoka kama papai changa. Mimi sikimbii nao wala sisukumani. Naitwa wenzangu wakishafika karibu, naupiga kwa mguu kuelekea lango la wapinzani, natoka. Lango lina milingoti miwili, na nyavu kubwa zinazoning'inia kutoka darini. Mengine mtayaona wenyewe. Timu yetu inaitwa Vipanga. Nimeandika nyuma ya karatasi hii anwani ya mtandao ambako michezo yetu inawekwa.

Kuja nitakuja msimu ukiisha, Julai. Mwambie Papa hivyo.

Nilikaa kwenu mara moja tu, kile kiangazi nilichopata likizo, lakini mtu akiniuliza nyumbani ni wapi, ninachoona ni jiko lenu. Asubuhi mkifungua dirisha, bado tramu inasikika ikikata kona? Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, bado mnakaangia pale pale, mlango ukiwa wazi, mpaka jirani analalamika?

Wako,
Onésime


Laeken, 27 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Tramu inakata kona. Jirani analalamika. Ndagala tunakaanga zaidi kuliko zamani, ili alalamike vizuri. Ornella ana mafua, Papa anakusalimu, na leo nakuandikia nikiwa na furaha, kwa hiyo hifadhi barua hii, maana hutapata nyingine kama hii upesi.

Tumekutazama! Jumapili mbili sasa, baada ya misa, tunakusanyika sebuleni. Anakuja Maman Rolande wa ghorofa ya pili na sambusa zake, na Rahim, yule mwanafunzi wa Kitanzania anayeishi chini yetu. Papa anakaa mbele kabisa, magoti yakigusa televisheni. Ulipotokea na jezi yako namba tatu alivua kofia.

Basi ukapiga. Mpira ukaruka, ukaingia kwenye wavu, wavu ukatikisika. Papa akaruka kutoka kitini kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. "But! But! Mutoto yangu ameweka but!" Maman Rolande akapiga vigelegele. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na tisa mwenye maktaba, nilikuwa nimesimama juu ya kochi. Siku ile ulitikisa nyavu mara tatu. Mara nyingine mpira ulipita hewani katikati ya ile milingoti ukaangukia watazamaji, na Papa akaguna, "Pole, mwanangu. Ametoa inje. Itafika tu." Na kweli hata mwamuzi akainua mikono yote miwili juu, Papa akasema, "Unaona? Hata ule anasikitika."

Rahim alikohoa. "Mzee, samahani, nadhani ile ya kwenye wavu si goli, ni miss."

"Miss ni nani?" akauliza Maman Rolande.

"Amekosa, mama. Hajafunga."

Sijawahi kuona ujinga umevaa miwani safi namna ile. Nilimuuliza Rahim ni mpira gani duniani ambao mtu anatundika wavu halafu anamlaani anayeupata. Nilimuuliza kama mvuvi naye anakosa samaki akiingia wavuni. Alianza kusema jambo kuhusu zile namba za kwenye kona ya televisheni, na Papa akamkata: "Bon, Wamarekani hawajue kuhesabu, kila muntu anajua." Tulicheka mpaka Rahim akaaga akaenda kusoma.

Nimeandika makala ukurasa wa mbele wa jarida: Mtoto wa Kivu Atikisa Nyavu za Amerika. Papa amebandika nakala mbili, moja mlangoni na moja bafuni.

Nakuambia ukweli, Onésime: tangu Mama atuache sikuwa nimesikia sauti ya Papa ikipanda. Nilidhani imezikwa naye. Katika barua yako lakini hukumtaja Mama hata kwa neno moja. Nimeona. Sisemi zaidi.

Émérance


Dayton, 21 Mei 2025

Yaya,

Salamu kwenu wote. Ornella apone. Nimechelewa kujibu, nisamehe, kazi zimekuwa nyingi. Bienaimé anawasalimu, amejifunza kupika wali usioungua.

Mwambie Papa nashukuru. Sina mengi ya kusema kuhusu mpira.

Nimefikiri kuhusu zile ndevu. Joto linakuja, na Papa ana umri. Labda msinisubiri. Ornella naye ni mtoto wa nyumba, ana mkono mwepesi, anaweza kumnyoa. Desturi ni watu, yaya, na watu wakiwa mbali desturi inapinda. Wembe ni wembe.

Siku za mchezo, kabla mechi haijaanza, wanazima taa na kuwasha moshi, na tunakimbia kutoka kwenye handaki la plastiki huku majina yanatajwa. Jina langu wanalitamka vibaya kila mara. Nilikuwa natazama kwenye viti, wale watu wote, nikiwaza kama yuko hata mmoja ambaye angenipigia kelele kwa Kiswahili. Sikujua kama mko hapo.

Onésime


Laeken, 9 Juni 2025

Onésime,

"Wembe ni wembe." Hivyo ndivyo anavyozungumza muuza wembe! Kwa hoja hiyo mkate wa ekaristi ni unga, bendera ni kitambaa, na Mama alikuwa kilo hamsini na mbili. Desturi inapinda, unasema. Ndiyo, inapinda. Tulimwombea Mama kwa Kifaransa kwa sababu padri hakujua lugha nyingine. Tulikula chakula cha msiba kwenye ukumbi wa Molenbeek uliokuwa na mapambo ya arusi ya watu wengine. Tumepinda vya kutosha. Kitu hiki kimoja hakipindi.

Ornella amepona, anakusalimu, na nilipomsomea pendekezo lako alisema hamnyoi babu yake kwa niaba ya mtu mzima aliye hai. Papa sikumsomea.

Sasa sikiliza. Jumapili nne mfululizo hatukuoni. Jezi namba tatu imevaliwa na kijana mweupe mwenye shingo fupi. Papa anatafuta. Anasogeza uso mpaka pumzi yake inaacha ukungu kwenye kioo. "Onésime iko wapi? Kamera inamuficha." Mchezo ukiisha anasema turudishe mwanzo, huenda tumepitiwa. Maman Rolande haleti tena sambusa, anakuja mikono mitupu, na wewe unamjua.

Kwa hiyo jana nilikwenda soko la Gare du Midi, na nilikwenda kwa sababu nilijua Rahim hununua mboga zake huko. Nilimkuta akipatana bei ya nanaa na Mmoroko mmoja. Nikamwambia, "Wewe. Nieleze zile nyavu."

Akasema, "Shikamoo, mama. Nilijua utakuja."

"Marahaba. Usijue sana. Eleza."

Akanieleza, nanaa mkononi, watu wakitusukuma na mikokoteni yao. Alieleza kwa adabu, jambo lililoniudhi zaidi. Kisha akasema, "Mama, mimi sikutaka kumwambia tena mzee. Alikuwa anafurahi sana." Nilinunua tikiti maji nisilolihitaji nikarudi nalo hadi Laeken.

Sitaandika alichonieleza. Unakijua. Nasubiri ukiandike wewe.

Émérance


Dayton, 2 Julai 2025

Yaya wangu,

Nawasalimu. Nimekaa na barua yako siku nyingi mezani. Bienaimé alikuwa ananiuliza kila jioni, "Umeijibu?" Mwishowe ameniambia hatapika mpaka nijibu. Nikamwambia hiyo si adhabu. Lakini nimekaa.

Mpira ukipita katikati ya milingoti ndio umefunga. Zile ambazo Papa alinipa pole, ndizo zilizoingia. Mwamuzi akiinua mikono anasema imeingia. Nyavu ziko pembeni ili kurudisha mpira uliokosa, na ukirudi haujafa. Mtu yeyote anaweza kuudaka akakimbia nao. Ndicho kilichonitokea mwezi wa tano. Tulikuwa tunahitaji mpigo mmoja tu. Niliupiga, nikaona mapema kwamba umekwenda kushoto. Uligonga wavu, ukarudi, mtu wao akaudaka akakimbia uwanja mzima. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kumfukuza, na mimi si mkimbiaji. Ukumbi wote ulikuwa kimya, na katikati ya kimya kile nilimsikia Papa. Namaanisha kweli nilimsikia. "But!"

Kesho yake kocha aliniita. Alikuwa mpole. Alisema nina mguu mzuri, na wembamba wa lango hili haumfai kila mtu. Tangu siku hiyo nafanya kazi ghalani na Bienaimé. Nilikwenda kutazama mechi moja nikiwa kwenye viti, sikuweza kumaliza.

Sikuwaambia kwa sababu ya makala yako mlangoni na bafuni. Naona jinsi itakavyokuwa. Nitaingia, watu watanishangilia, Papa atanikabidhi wembe mbele ya jumuiya yote kama mtu aliyeitikisa Amerika. Papa anamsubiri mfungaji, yaya, na mfungaji huyo hayupo. Nilichokuwa nimechagua kukaa nacho siku ile ya Januari hakipo tena. Mtu anarudije kutoka kwenye kitu alichokichagua badala ya

Nimeacha sentensi hiyo. Neno unalolitaka bado siwezi kuliandika.

Nyoeni.

Onésime


Laeken, 20 Julai 2025

Onésime,

"Papa anamsubiri mfungaji, na mfungaji huyo hayupo." Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama kwenye ngazi, bahasha ikiwa mdomoni, na nilianza kubishana nayo kabla sijafika mlangoni kwetu. Lakini niko katika utu uzima, na nimejifunza kwamba kabla ya kukanusha jambo unamuuliza anayetajwa. Kwa hiyo nilimuuliza.

Salamu kwanza. Ornella hajambo. Rahim amefaulu mitihani yake na sasa anakula kwetu Jumapili, amerudishiwa heshima zake zote. Maman Rolande anaumwa magoti.

Nilimkuta Papa jikoni anamenya viazi. Nilimsomea barua yako yote, kuanzia Bienaimé aliyegoma kupika hadi sentensi uliyoiacha. Aliendelea kumenya. Nilipofika kwenye milingoti akanyanyua kichwa.

"Donc wavu ni kukosa?"

"Ndiyo, Papa."

"Na ile yote nilimupatia pole?"

"Ndiyo alifunga."

Akafikiri. "Hapana. Wavu ni wavu. Ile mupira yao ndio mubaya." Akatupa ganda. Halafu akamenya kiazi kingine kizima, nami nikaanza kutayarisha maneno ya kumfariji, maneno mazuri, ningeweza kuyachapisha. Sikuyahitaji. Aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye suruali, na uso wake, Onésime, uso wote nyuma ya ule msitu, ukafunguka.

"Alors, walimufukuza?"

"Walimwacha, Papa. Tangu mwezi wa tano."

"Kumbe haina tena match samedi?"

"Hana mechi Jumamosi."

"Mbona hamukuniambia? Basi iko na nafasi! Anaweza kuya!"

Akainuka, akaenda chumbani kwake, nikasikia kabati linafunguliwa. Alikuwa anatafuta shati la siku ya kunyolewa.

Hiyo ndiyo hukumu ya mzee juu ya msiba wako wote. Miezi miwili umelala macho ukilinda sifa ambayo yeye ameitupa pamoja na maganda ya viazi. Hakuna mfungaji aliyekuwa anasubiriwa hapa. Papa alikuwa anapiga kelele kwa sababu alikuona miguu miwili, uso mzima, ukipumua. Ungepiga ule mpira ukarudi ukamgonga mwamuzi puani, angesema ni but. Wewe unadhani tulikuwa tunatazama mchezo? Tulikuwa tunakutazama wewe. Mchezo ulikuwa unatuziba tusikuone vizuri.

Makala nimeibandua mwenyewe. Ya mlangoni imetoka, ya bafuni Papa amekataa, anasema picha yako imetoka vizuri. Katika jarida la mwezi huu sikuandika masahihisho. Niliandika kwamba mpigaji wa Vipanga amemaliza kazi yake Ohio. Atakayebisha anijie.

Kuhusu ile sentensi uliyoiacha. Hulazimiki kuliandika neno. Mimi nimeliandika katika kila barua kwa sababu nikinyamaza nyumba inanilemea. Asubuhi nafungua dirisha, tramu inakata kona, na najikuta nimechukua vikombe vinne badala ya vitatu. Sikukuambia hilo mwezi wa tatu. Nilikuandikia habari za ndevu, maana ndevu ni rahisi kugombania. Ukweli ni kwamba si Papa peke yake anayekusubiri, na usinilazimishe kurudia.

Matanga tunaanua Jumamosi tarehe ishirini na tatu Agosti, saa nane mchana, hapahapa sebuleni, si ukumbini. Watu watakuwa wachache. Hakuna atakayekushangilia, nimekwisha kumwonya Maman Rolande.

Bienaimé, najua unasoma hii kwa sauti, umesimama. Basi soma na hapa: usimpikie, usimwachie zamu yako ghalani, usimsikilize akisema wembe ni wembe. Simama naye mpaka tiketi ipatikane. Mfikishe uwanja wa ndege wewe mwenyewe, na usiondoke mpaka umwone amepita kwenye ukaguzi.

Na wewe, Onésime, usiniandikie tena. Barua ya kujibu hii sitaifungua. Panda ndege, shuka, chukua treni, panda ngazi zetu, mkute mzee huyu amekaa amevaa shati lake, na umnyoe.

Dada yako,
Émérance